Binti Salme wa Unguja, Aliyeitwa Emily Ruete

Wengi wenu mmelisikia jina la Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha enzi yake toka Maskati akaileta Unguja, akatajirika sana kwa karafuu na biashara. Habari za binti yake Salme hazijulikani sana huku bara, na mara nyingi zasimuliwa kama hadithi ya mapenzi tu. Mimi naziona kuwa habari za mtu aliyetaka kuyaamuru maisha yake mwenyewe, na za gharama aliyoilipa.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi za Kaukasi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa, akawa suria wa Sultani. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni mwungwana na mrithi kama wengine. Basi Salme alikua katika dhahabu na hariri, akapanda farasi, akatumikiwa na watumwa wengi. Mabinti wa jumba walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika walikatazwa. Naye akatwaa mfupa wa bega la ngamia, akaufanya kibao, akazinakili kwa siri herufi za Kurani mpaka mkono ukazoea. Kalamu hiyo ndiyo iliyomtia taabuni baadaye.

Mwaka 1856 Sultani alifia baharini akirudi kutoka Omani, akaacha watoto 36 walio hai. Salme, mwenye miaka kumi na miwili, alihesabiwa kuwa mtu mzima akapewa shamba na fedha zake. Utajiri ule haukuwapa ndugu hao amani. Thuwaini alitawala Maskati, Majid Unguja, na Barghash hakuridhika. Jamaa wa nyumba moja wakapelelezana kama adui. Mwaka 1859 Jilfidan alikufa kwa kipindupindu, na mwaka huohuo dada yake Khole akamvuta Salme katika shauri la kumwondoa Majid. Kwa kuwa alijua kuandika, huyo msichana wa miaka kumi na mitano akawa mwandishi wa waasi. Askari walipoizunguka nyumba ya Barghash, Khole na Meje waliingia na wanawake wengi, na Barghash akatoka katikati yao amejifunika nguo za kike. Akakimbilia shamba la Marseilles, lakini Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akashindwa akapelekwa Bombay.

Majid hakumwadhibu dada yake. Salme alijitenga mashambani, kisha akapatana naye. Na Majid alipomwomba nyumba yake ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza, akampa. Kwa hiyo Khole na Barghash wakamchukia. Akarudi mjini, akakaa peke yake, bila mama wala upande wowote wa ndugu zake. Jirani yake alikuwa Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg. Wakajuana, wakapendana, naye Salme akapata mimba. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko akamzaa mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ileile akaolewa. Sisi tunaowafundisha wakatekumeni mwaka mzima na zaidi hatuna sababu ya kujivunia ubatizo wa namna hiyo. Yeye mwenyewe hakuficha baadaye kwamba aliipokea dini asiyofundishwa vema. Mtoto yule akafa mwaka uleule, walipokuwa safarini kwenda Ujerumani, au Udachi kama wazee wetu walivyouita.

Katika Hamburg alizaa watoto watatu, Antonie, Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe alikanyagwa na gari la reli la mjini akafa. Sasa akawa mjane katika nchi ya baridi, na fedha zikapungua. Kwa kuwa ameuacha Uislamu alikataliwa urithi wake Unguja, na ndugu aliyekuwa akitawala huko sasa ni Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua zamani. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata huko, lakini Waingereza wakamzuia asimwone.

Mwaka 1885 Bismarck aligombana na Barghash kwa ajili ya nchi za bara, Usagara na jirani zake, ambazo Carl Peters alijipatia kwa mikataba. Manowari za Kijerumani zikaja Unguja, na Salme akaletwa pamoja na watoto wake. Watu wa mji walimzunguka njiani kwa furaha. Barghash hakukubali kumwona. Ujerumani ulipopata uliyoyataka bara, madai ya mjane yakasahauliwa.

Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake katika Berlin, kwa lugha ya Kijerumani. Ndani yake aliutetea utumwa wa Waarabu, akasema Wazungu hawauelewi. Hapo moyo wangu huchoka. Mama yake alinunuliwa kwa fedha. Mashamba ya karafuu yaliyomlisha yalilimwa na watu waliotolewa katika nchi zetu hizi wakiwa wamefungwa. Naye, aliyekataa kufungiwa nyuma ya dirisha, hakuona kwamba wao pia walitaka mlango. Sisemi haya kumhukumu. Mtu aweza kuzijua sana pingu zake mwenyewe, asisikie mlio wa pingu za mwenzake.

Mwaka 1888 alijaribu tena Unguja, akarudi mikono mitupu. Hakukaa Ujerumani kwa moyo. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, ambako alisikia tena Kiarabu kila siku mpaka mwaka 1914. Alifia Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg karibu na mumewe. Katika vitu vyake waliona mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, wakauweka kaburini. Mwanawe Said aliandika kitabu cha maisha ya babu yake Sultani, kilichotolewa London mwaka 1929.