Marie Curie na Jina la Kipimo

Kilomita kama 20 magharibi ya Likasi ndipo lilipo shimo la Shinkolobwe. Mwaka 1924 madini mapya yaliyopatikana humo yaliitwa sklodowskite. Nimekua nikisikia habari za shimo hilo, lakini ni katika somo la istilahi ndipo nilipotaka kumjua mwenye jina.

Maria Skłodowska alizaliwa Warsaw mwaka 1867. Mwaka 1891 alikwenda Paris kusoma, na mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie. Mwaka 1898 walitangaza kugundua poloni na radiamu. Mwaka huohuo walitumia neno jipya kwa tabia ya vitu vinavyotoa miale vyenyewe; kwa Kiswahili tunaiita unururifu.

Neno lilienea upesi, kipimo kikachelewa. Kila maabara ilipima kwa radiamu yake, na matokeo hayakulinganishika. Mwaka 1910 wanasayansi walikutana Brussels wakakubaliana kipimo kiitwe curie, kwa heshima ya Pierre aliyefariki mwaka 1906. Wenzake walifikiria kiasi kidogo mno. Marie alikataa, hakuona sawa jina hilo libandikwe kwenye kitu kinachokaribia sufuri, akashikilia gramu moja ya radiamu iwe msingi. Wakamkubalia. Mwaka 1911 alitayarisha miligramu kama 22 za kloridi ya radiamu ziwe kielelezo cha mataifa yote. Mwaka uliofuata kililinganishwa na vielelezo vya Vienna, vikaafikiana.

Alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na miale aliyofanya nayo kazi miaka mingi. Curie ilipima jiwe linatoa nini. Haikupima mwili unapata madhara gani. Hayo ni mambo mawili, na leo yana vipimo viwili: becquerel, iliyowekwa mwaka 1975 kushika nafasi ya curie, na sievert.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Tukisema tu kiasi cha miale, msikilizaji hajui kama tunasema juu ya jiwe au juu ya mwili. Napendekeza unururifu ubaki kwa jiwe, na upande wa mwili tuseme dozi ya miale. Mama wa Likasi akiuliza kama udongo wa shamba lake una hatari, anastahili jibu ambalo kila neno lake lina maana moja.