Pinard, daktari wa kile kitarumbeta cha wakunga

USIKU ule stima zilikuwa zimepotea mtaani kwetu. Mke wangu, akiwa mja mzito wa miezi minane, aliniamsha akaniambia kwamba tangu adhuhuri mtoto hajacheza kama ilivyo desturi yake. Jirani yetu, mama wa watoto saba, alikuwa amemshauri anywe soda baridi kisha alale, eti mimba ikikomaa mtoto hukosa nafasi ya kugeuka. Nusura tufuate ushauri huo.

Katika zahanati tuliyoikimbilia, mashine zilikuwa zimezimika. Mkunga wa zamu alitoa mfukoni kijidude cha alumini mfano wa tarumbeta ya watoto, akakibandika tumboni, akaweka sikio na kutuashiria tunyamaze. Kimya kile sijakisahau. Kisha akaanza kuhesabu akitazama saa yake. Moyo ulikuwa ukipiga, lakini polepole kuliko alivyotaka, naye akatuandikia barua twende hospitali kubwa usiku huohuo. Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji kabla ya mapambazuko.

Miaka ilipita ndipo nikauliza kijidude kile kilitoka wapi. Kumbe kina mwenyewe: Adolphe Pinard, Mfaransa aliyezaliwa Februari 4, 1844 katika mji mdogo wa Méry-sur-Seine.

Hata hivyo, Pinard hakuwa wa kwanza kusikiliza. Mwaka 1821 daktari mwingine wa Ufaransa, Kergaradec, aliweka stethoskopu, chombo kilichokuwa kipya wakati huo, juu ya tumbo la mja mzito. Alichotaka kusikia ni maji yakitikisika mtoto anapocheza. Badala yake akasikia moyo wa mtoto ukipiga mbio. Alichofanya Pinard, mwaka 1895, ni kuunda kitarumbeta chenye mdomo mpana kinachofaa kazi hiyo moja tu. Hakihitaji umeme wala betri, ndiyo maana kingali mifukoni mwa wakunga wetu.

Jijini Paris alisomea ukunga chini ya Tarnier, bingwa wa enzi hiyo. Mwaka 1878 alichapisha kitabu kuhusu kupapasa tumbo: namna daktari anavyoweza kutambua kwa mikono mitupu kichwa cha mtoto kiko wapi, na namna ya kumgeuza kwa nje akiwa amelala vibaya. Mwaka 1889 akawa profesa, kisha akaongoza Kliniki ya Baudelocque hadi 1914.

Lakini kazi yake ninayoistahi zaidi haina chombo. Wanawake maskini wa Paris walikuwa wakifanya kazi viwandani na majumbani hadi uchungu uwashike. Pinard akapima uzito wa watoto wao, akaulinganisha na wa watoto ambao mama zao walipata hifadhi na kupumzika siku za mwisho za mimba. Waliopumzika walizaa watoto waliozidi wenzao kwa zaidi ya gramu 200. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1895, akaendelea kudai mapumziko kwa waja wazito. Sheria ya mwaka 1909 ilimlinda mama asipoteze kazi kwa wiki nane za uzazi, na ya 1913 ikaongeza posho. Mama anayechukua likizo ya uzazi leo huenda hajawahi kusikia jina lake.

Hakuwa malaika. Alikuwa miongoni mwa vigogo wa chama cha Ufaransa kilichotaka kuchagua nani anafaa kuzaa, fikra ambazo baadaye zilileta maafa Ulaya. Akiwa bungeni, alikoingia mwaka 1919 akiwa na miaka 75, alipendekeza wanaume wapimwe na daktari kabla ya kuoa. Hilo silimsifii.

Kitarumbeta chake pia kina mpaka. Kinasikia moyo kwa dakika chache tu, ambao kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Anayekaa na mtoto usiku na mchana ni mama. Wengi huanza kumsikia akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 24, na mimba ya kwanza aghalabu huchelewa. Hakuna idadi moja ya mateke kwa wote. Kila mtoto ana desturi yake, na mama huijua. Jirani yetu alikosea: mtoto hapunguzi kucheza kwa sababu mimba imekomaa. Akipunguza, mama aende kituoni saa hiyohiyo, asingoje kesho, na akiona yamerudia, aende tena bila haya.

Pinard alistaafu ubunge mwaka 1928, akafariki Machi 1, 1934 akiwa na miaka 90, katika mji uleule aliozaliwa. Binti yangu amekwisha kunizidi kimo. Juzi nilimwonyesha picha ya kitarumbeta hicho, akaniuliza kama ni cha kumiminia mafuta ya taa.