Mtakatifu Jeanne Jugan: Alianza na Kitanda Chake

Tarehe 30 Agosti tunamkumbuka Mtakatifu Jeanne Jugan, mwanzilishi wa Shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Sisi wa milima ya Usambara tunayo sababu ya kumfahamu. Katika vijiji vya Lushoto vijana wengi wameshuka kwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta maisha, na wazee wamebaki na mashamba, wajukuu na maradhi. Nani atamtunza mzee, na akiugua atalala wapi? Swali hilo ndilo lililotawala maisha ya mtakatifu huyu.

Jeanne alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, wakati wa Mapinduzi. Baba yake alipotea baharini Jeanne akiwa bado mtoto mdogo, na mama akabaki na mzigo wa kulea watoto peke yake. Jeanne alichunga mifugo, kisha akawa msichana wa jikoni katika nyumba ya matajiri. Baharia mmoja aliomba kumwoa, naye akakataa, kwa kuwa aliona Mungu anamwita kwenye kazi ambayo bado hakuijua.

Akiwa na miaka 25 aliacha kwao akaenda Saint-Servan kuhudumia wagonjwa hospitalini. Kazi ilikuwa nzito, na baada ya miaka ipatayo sita afya yake ilidhoofika. Akawa mtumishi wa mama mmoja mcha Mungu hadi mama huyo alipofariki mwaka 1835. Baadaye alipanga vyumba vichache pamoja na wanawake wawili, akijipatia riziki kwa vibarua.

Majira ya baridi ya mwaka 1839 alikutana na Anne Chauvin, mjane mzee, kipofu, aliyepooza upande mmoja na asiye na wa kumtunza. Jeanne alimbeba hadi nyumbani, akamlaza kwenye kitanda chake, na yeye akahamia darini. Wakati huo alikuwa na miaka 47, bila shirika wala mfadhili.

Baada ya Anne akaja mzee wa pili, na wengine wakafuata. Mwaka 1841 Jeanne na wenzake walipanga nyumba kubwa zaidi na kupokea wazee 12. Mwaka uliofuata walinunua nyumba ya zamani ya watawa, na muda si mrefu wazee walifika 40. Wengi wao walikuwa wamezoea kuombaomba barabarani. Jeanne aliwauliza walikuwa wakipita nyumba zipi, akachukua kikapu na kuzipitia yeye mwenyewe kwa niaba yao, ili wao wapumzike. Wenye nguvu kidogo waliendelea na kazi ndogondogo za mikono, kwa kuwa mzee hupenda kujiona bado ana faida nyumbani.

Halafu ukaja msalaba. Desemba 1843 wenzake walimchagua tena kuwa mkuu wao. Siku chache baadaye Padre Auguste Le Pailleur, aliyekuwa mlezi wao, alitengua uchaguzi huo na kumweka Marie Jamet, msichana wa miaka 23. Polepole padre huyo akajitangaza kuwa yeye ndiye mwanzilishi. Jeanne hakugombana. Alirudi barabarani na kikapu chake, akafungua nyumba mpya katika miji mingine. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo ya wema.

Mwaka 1852 aliitwa Rennes na kuondolewa katika kazi ya kuomba misaada. Tangu 1856 aliishi Saint-Pern kati ya wanovisi, na wengi wao hawakujua kwamba bibi yule mwenye fimbo ndiye aliyeanzisha shirika lao. Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka 86, wakati shirika lilikuwa na masista wapatao 2,400. Ukweli ulijulikana baadaye. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Leo masista wake wanawatunza wazee katika nchi nyingi, na jirani zetu wa Nairobi wanaifahamu Nyumba ya Wazee huko Kasarani.

Tunajifunza nini? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Hilo ni jambo jema. Lakini msamaha wa malipo haumteremshi bibi mlimani wakati wa masika, wala haumpikii uji akiruhusiwa kutoka wodini na kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hapo ndipo jumuiya zetu ndogo ndogo zinapohitajika. Kila jumuiya inaweza kuandika majina ya wazee wanaoishi peke yao, kupanga nani atabeba machela au kulipia bodaboda, nani atalala na mgonjwa hospitalini, na nani atampokea akirudi. Parokia inaweza kutenga chumba chenye vitanda viwili karibu na zahanati. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tukisubiri mfadhili wa jengo kubwa, wazee wetu watatutangulia kaburini.

Mtakatifu Jeanne Jugan, utuombee.