Mwalimu Aliyekiacha Kiti cha Harvard

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii hutajwa kila panapozungumzwa habari za wahadhiri wa muda, nami, ninayefundisha sayansi ya siasa kwa mtindo huo huo, nimeisikia mara nyingi. Lakini kabla hatujamhukumu yeyote kwayo, yafaa tuyatazame maisha ya Ralph Bunche.

Bunche alizaliwa Detroit, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mamake alifariki angali mvulana, akalelewa na nyanyake mjini Los Angeles. Chuoni alijikimu kwa kazi ya usafi, na mwaka 1927 akahitimu akiwa wa kwanza katika kundi lake. Mwaka 1928 alipata shahada ya uzamili Harvard. Mwaka huo huo alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako aliiasisi idara ya sayansi ya siasa.

Kwa miaka sita iliyofuata alikuwa mwalimu Howard na mwanafunzi Harvard. Mara kwa mara alilazimika kuomba likizo. Katika mojawapo ya likizo hizo alisafiri hadi Togo na Dahomey, nchi iitwayo Benin hivi sasa, kulinganisha jinsi Wafaransa walivyozitawala. Togo ilikuwa chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa, ilhali Dahomey ilikuwa koloni tu. Naye aligundua kuwa tofauti hiyo ya kisheria haikumfaa sana mwananchi. Mwaka 1934 alitunukiwa shahada ya uzamifu, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata katika somo hilo.

Sisi Wakenya tuna sababu zaidi ya kumkumbuka. Mwaka 1937, akiwa London, alifunzwa Kiswahili na Jomo Kenyatta. Baadaye alifika Kenya, akaandika makala kuhusu sherehe za irua katika wilaya ya Kiambu, yaliyochapishwa mwaka 1941.

Waama, kutokuwapo kwake darasani kulikuwa na faida. Alichokiona Afrika kilimpa mengi ya kuwafundishia wanafunzi wake.

Vita Vikuu vya Pili vilimwingiza katika utumishi wa serikali, kisha Umoja wa Mataifa. Mwaka 1949, katika kisiwa cha Rhodes, aliwapatanisha Israeli na majirani zake Waarabu hadi wakatia saini mikataba ya kusitisha vita. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mtu Mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huo Harvard ilimteua kuwa profesa. Kazi za Umoja wa Mataifa hazikumpa nafasi, na chuo kikamvumilia kwa likizo. Mwaka 1952 alijiuzulu uprofesa huo kabla ya kufundisha hata somo moja.

Kitendo hicho nakistahi kuliko tuzo yake. Alitambua kuwa kiti cha mwalimu ni haki ya mwanafunzi, wala si pambo la jina la mwenye kukikalia.

Huenda msomaji akasema kuwa Bunche alikuwa na kazi nyingine nono, hali mhadhiri wa muda hukimbia kutoka bewa hadi bewa akitafuta karo ya wanawe. Nakubali. Nimewahi kusubiri malipo ya muhula mzima katika chuo ambacho sitakitaja, na najua njaa haina somo. Kwa hivyo lawama ya kwanza ni ya vyuo vinavyomfanya mwalimu kuwa kibarua, kisha vikataka atoe mhadhara wa profesa.

Hata hivyo, lawama hiyo haimpi mhadhiri ruhusa ya kukubali madarasa ambayo anajua hatayafikia. Mwanafunzi aliyelipa karo hakuajiri wala hakuchelewesha mshahara wa mtu. Kushika mbili si dhambi, mradi kila moja ishikwe kwa mkono mzima. Isipowezekana, tumuige Bunche: tuiachilie moja mapema, apatikane wa kuishika.