Albert Luthuli: Maradhi hayakumzuia

Mjini Durban, Afrika Kusini, wagonjwa wa figo, wa moyo na wengine wanaohitaji madaktari bingwa hupelekwa katika hospitali ya rufaa yenye jina la Chifu Albert Luthuli. Mwenye jina hilo naye alikuwa mgonjwa: aliongoza mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi huku akiwa na shinikizo la damu.

Luthuli alizaliwa mwaka 1898 hivi, karibu na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akalelewa Groutville, kaskazini mwa Durban. Alikuwa mwalimu katika chuo cha Adams, kisha mwaka 1936 akashika uchifu. Novemba 1952 serikali ilimvua wadhifa huo kwa kuwa alikataa kujitoa katika chama cha ANC. Mwezi uliofuata, chama kilimchagua kuwa rais wake.

Mwaka 1954 alipigwa marufuku kutoka nje ya wilaya yake. Mwanzoni mwa mwaka 1955 alipatwa na kiharusi na mshtuko wa moyo, akatibiwa katika hospitali ya McCord mjini Durban.

Shinikizo la damu ni maradhi yasiyopiga hodi. Ateri zilizo nzima hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hurejea hali yake. Shinikizo likikaa juu kwa miaka mingi, kuta za ateri hukakamaa, na nguvu ya kila pigo la moyo huifikia mishipa midogo ya ubongo na ya figo bila kupunguzwa. Figo zikidhoofika, hushindwa kutoa chumvi na maji yaliyozidi mwilini, nalo shinikizo huzidi kupanda. Kwa hiyo kila upande huudhuru mwingine. Ndiyo sababu leo mwenye maradhi haya hupimwa pia damu na mkojo, ili madhara ya figo yagunduliwe mapema.

Wakati Luthuli anaugua, dawa zilikuwa chache. Vidonge vya kupunguza maji na chumvi mwilini, ambavyo hadi leo ni miongoni mwa dawa za kwanza kutolewa, vilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Mwaka 1960, alipotoa ushahidi katika kesi ya uhaini mjini Pretoria, mahakama ilikubali kuketi asubuhi tu kwa ajili ya afya yake. Mwezi Machi, baada ya mauaji ya Sharpeville, alichoma hadharani kitambulisho chake cha pasi, akakamatwa. Kifungo alichohukumiwa kilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa, akatozwa faini. Desemba 1961 alipokea mjini Oslo Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960.

Luthuli alifariki dunia tarehe 21 Julai 1967, na uchunguzi wa mwaka huo ukaeleza kuwa aligongwa na treni ya mizigo. Familia yake haikuridhika. Oktoba 2025, Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg iliutengua uamuzi huo, ikasema alikufa kwa majeraha ya kichwa yaliyotokana na kipigo kilichohusishwa na polisi wa usalama.

Maradhi aliyoishi nayo kwa zaidi ya miaka kumi hayakuwa yaliyomwua. Jamaa zake walisubiri miaka 58 kulisikia hilo mahakamani.