Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewakataza wachoraji wa Lubumbashi kuiga Ulaya

Ndege na samaki wa Pilipili Mulongoy wanajulikana mbali na Kongo. Wachache wanamkumbuka mtu aliyefungua atelie ambamo mchoraji huyo alianzia kazi. Ni Mfaransa Pierre Romain-Desfossés.

Alizaliwa mwaka wa 1887 huko Brest, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa afisa wa jeshi la majini na pia mchoraji. Vita vya pili vya dunia vilimleta Afrika, na vilipokwisha hakurudi kwao. Alibaki Kongo, inchi iliyotawaliwa wakati huo na Ubelgiji. Mwaka wa 1946 akafungua atelie mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Iliitwa Le Hangar.

Katazo lake kubwa lilikuwa moja: kutoiga picha za Wazungu. Aliwapa vijana rangi na vifaa, kisha akawaacha wachore yaliyomo katika mawazo yao na yale waliyoyaona porini, mtoni na kijijini. Kila mmoja akapata mkono wake. Bela, mzaliwa wa Tchad aliyekuwa mtumishi wake, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili alizungushia wanyama wake majani na nukta ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi, mithili ya mkeka uliosukwa.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na Mzungu ndiye aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi sicho. Katazo lake lilivilinda vipaji vya vijana, lakini liliwanyima pia nafasi ya kujichagulia wenyewe, nafasi ambayo mchoraji wa Paris hakuhitaji kuiombea ruhusa.

Romain-Desfossés alifariki mwaka wa 1954. Atelie yake ikaunganishwa na shule ya sanaa ambayo Mbelgiji Laurent Moonens aliianzisha mjini humo mwaka wa 1951. Huko Pilipili na Mwenze wakawa walimu, wakaamua wenyewe la kuwapa wanafunzi wao.

Mwenze alifariki mwaka wa 1999, Pilipili mwaka wa 2007. Mwaka wa 2015 picha za wachoraji wa Le Hangar zilitundikwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Safari hii ni Ulaya iliyokuja kujifunza.