Cornelia Sorabji, Mtetezi wa Wajane wa Nyuma ya Pazia

Mjane wa Injili ya Luka alimwendea kadhi dhalimu mara kwa mara hata akapewa haki yake. Yeye angalau aliweza kumfikia kadhi. Nchini India, mwishoni mwa karne ya 19, wajane wengi wenye mali, Wahindu na Waislamu, hawakuweza hata hilo. Mila iliwakataza kuonana na wanaume wasio wa jamaa zao, na mawakili wote walikuwa wanaume.

Cornelia Sorabji alizaliwa Nashik tarehe 15 Novemba 1866. Baba yake, Mparsi aliyeiacha dini ya Zoroasta akawa Mkristu, alikuwa mchungaji wa Kianglikana. Mama yake alianzisha shule Poona. Cornelia alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu Chuo Kikuu cha Bombay. Matokeo yake yalistahili ufadhili wa kusoma Uingereza, lakini alinyimwa kwa kuwa mwanamke. Marafiki, akiwemo Florence Nightingale, walimchangia, na mwaka 1889 akaingia Somerville, Oxford. Mwaka 1892 alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya mtihani wa shahada ya sheria chuoni hapo. Shahada zenyewe wanawake hawakutunukiwa mpaka mwaka 1920.

Aliporudi nyumbani, alikuta milango ya mahakama imefungwa kwa wanawake. Hakukata tamaa. Mwaka 1904 serikali ilimteua kuwa mshauri katika ofisi iliyosimamia mali za wajane na yatima huko Bengal. Aliingia mahali ambapo wakili mwanamume asingekanyaga, akasikiliza, akatetea mirathi yao. Aliowasaidia wanakadiriwa kuzidi 600, wengine bila malipo. Sheria ya mwaka 1923 ilipowafungulia wanawake kazi ya uwakili nchini India, yeye alikuwa ameshavuka miaka 56.

Hakukosa mapungufu. Aliutetea utawala wa Kiingereza na kumpinga Gandhi, na wananchi wenzake wengi hawakumsamehe. Alifariki London mwaka 1954.

Ndugu zangu, wakaapo wanaume watupu kugawa shamba la marehemu, mjane akiwa jikoni akisubiri kuambiwa, pazia lile lingali limetundikwa miongoni mwetu. Kabla ya kusaini karatasi ya kikao, tumwite aketi nasi, aseme, na neno lake liandikwe.